Aliyewafundisha Wazee Kujibu

Watu wanaomsifu leo wanasahau kwamba alikuwa anawapigia kelele bibi zetu. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo nitasema. Alikuwa anawaingiza zizini mchana, ng'ombe wakiwa machungani, anawasimamisha juu ya samadi na fimbo zao mkononi, jua likiwachoma utosini. Yeye anaketi kwenye gogo kama hakimu, kisha anafoka: "Jibu! Mahakama inakuuliza, jibu!" Bibi wa umri wa mama yake anabaki kutazama miguu yake. Mpita njia angedhani ni kichaa, au mgambo aliyelewa.

Tulimwita Mkalimani. Ukoo wake siandiki. Wanaopenda habari za koo waende kwa wazee wa koo. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili nikaacha, nikaenda kufyatua matofali, na kila nilichonacho nimekijenga kwa mikono hii. Ninaandika nilichokiona.

Jina hilo lilitokana na kazi. Miaka mingi alisimama pale Mahakama ya Mwanzo, katikati ya hakimu na wazee wetu, akigeuza Kikurya kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kikurya. Mahakimu walikuwa wanaletwa kutoka mikoa ya mbali, Kikurya hawakijui, na wazee wetu Kiswahili walikuwa wanakisikia kwenye mikutano tu, wakipiga makofi pale wengine walipopiga. Halafu siku moja aliacha kazi. Wengine walisema alifukuzwa. Wengine walisema alipokea mbuzi wa mtu. Nilimwuliza mwenyewe, akanijibu hivi.

Palikuwa na mzee mmoja wa mila, mtu mkubwa, ambaye akipita hata vijana walevi walikuwa wananyamaza. Aliletwa mahakamani na mtoto wa ndugu yake aliyetaka shamba lake. Hakimu alikuwa kijana. Akamwuliza mzee: shamba ni lako? Mzee kimya. Akauliza tena. Kimya. Kwetu mtu wa cheo chake hajibishani na mtoto mbele za watu. Anakaa kimya, na ukimya wake ndio unaomwambia mtoto kwamba amekosa adabu. Kila Mkurya aliyekuwa mle ndani alilisikia jibu la mzee yule. Hakimu hakulisikia. Akaandika kwamba mdaiwa hana la kujibu, na shamba likaenda.

"Mimi kazi yangu ilikuwa kugeuza maneno," Mkalimani aliniambia. "Maneno hayakuwepo. Ningegeuza nini?"

"Ungemwambia hakimu kwamba kwetu ukimya ni jibu."

"Nilimwambia. Akaniambia nisimfundishe kazi. Na yule mzee hakumaliza mavuno yale. Alianguka akafa palepale mpakani mwa shamba lake, akilitazama."

Baada ya hapo akaanza shughuli yake ya zizini.

Ni lazima nieleze hali ilivyokuwa, maana vijana wa sasa wanadhani mawakili walikuwepo tangu zamani kama nzi. Wakili alikuwa Mwanza huko. Hata ungeuza dume lako ukamleta, sheria ilikuwa haimruhusu kusimama Mahakama ya Mwanzo. Mzee alikuwa anakwenda na mdomo wake tu. Na ile ilikuwa miaka ya kuhamishwa. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao ya zamani huko mlimani, kila mtu na boma lake, wakapangwa mistari vijijini kama viazi, mgambo wakiezua mapaa ya waliochelewa. Katika kuhama vile, mipaka ilipotea, mifugo ikachanganyika, na kila mwenye jicho baya kwa mali ya mjane au mzee alipata nafasi. Kesi zikawa nyingi, na wenye kushindwa walikuwa walewale wenye mvi.

Kwa hiyo walikuja kwake. Walitoka Gorong'a, walitoka Kerende, mmoja nilimwona amebebwa kwenye machela. Hakudai fedha. Chakula cha mtu pia hakula, wala togwa, wala maziwa, hata ukimtembelea na kibuyu kimefungwa vizuri. Alisema amesimama katika kesi nyingi mno za watu waliokula kwa jirani wakafa. Alipokea kazi ya mikono: umtengenezee uzio, umchimbie shimo la choo. Tena alitaka kila mzee aje na ndugu mmoja mwenye masikio, wa kusikia kila kitu na kukumbuka. "Mzee akifa kabla ya hukumu," alisema, "nataka kesi ibaki na mtu."

Alikuwa anasema mambo ya namna hiyo wakati anafunga kamba ya kiatu.

Sikumpenda mwanzoni. Alikuwa mtu mkavu. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake inatoka kama umemwomba mkopo. Jumamosi alikuwa kanisani kwa Wasabato, amenyooka, anaimba besi, na dhambi ya tumbaku ikitajwa anaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Jumapili ugoro uko puani. Niliwahi kumtania, "Mzee, wiki yako ina siku ngapi za Mungu?" Akasema, "Mungu ananijua. Wewe ndiye unayenichunguza." Wazee wa watu aliwapigania, lakini ng'ombe wake mwenyewe walipoibwa na kupelekwa ng'ambo ya mpaka, hakufungua kesi wala hakupiga yowe. Alikwenda kulala. Mke wake alimtukana wiki nzima. Alipochoka kutukanwa alisema tu, "Walioiba wanataka nitoke usiku niwafuate. Sitoki."

Ndiyo. Alikuwa mtu anayeogopa, na hakuficha. Mbwa wake walikufa kwa sumu, mmoja baada ya mwingine, na kila mara ilikuwa siku chache kabla ya kesi ya mtu fulani kusikilizwa. Alikuwa anamzika mbwa, ananawa mikono, anaingia zizini. "Kesi ya mzee haipotelei mahakamani," alikuwa anasema. "Inapotelea njiani."

Nilimjua vizuri kwa sababu ya mama yangu mkubwa, Bhoke.

Mama mkubwa alikuwa mjane. Alizaa binti mmoja tu, binti huyo akaolewa, na ng'ombe wa mahari ya yule binti wakabaki kwa mama yake. Mtoto wa kiume hakuwa naye. Kwetu jambo hilo lina dawa yake. Mwanamke wa namna hiyo anachukua ng'ombe zake, anamwoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo wanakuwa wa nyumba yake, wanarithi jina na mji. Tunaita nyumba ntobhu. Ndivyo mama mkubwa alivyomwoa Ghati, na Ghati akazaa watoto wawili wa kiume, Mwita na mdogo wake. Mji ukawa na wenyewe. Nani alikuwa anaingia kwa Ghati, hilo halikuwa la kuuliza mtu.

Tulipohamishwa, mgambo walisema mjane asihangaike na zizi lake peke yake, ng'ombe wake walale kwa shemeji yake, Chacha, mdogo wa marehemu. Wakalala. Msimu ukapita. Mama mkubwa alipowataka, Chacha alimkaribisha kiti, akamwambia kwa upole kabisa: "Shemeji, ng'ombe gani? Hizi ni za kaka yangu. Na Ghati ni mke wa mji huu, kwa hiyo ni wangu. Na watoto ni wangu. Mwanamke hawezi kuwa mume, shemeji. Sisi sasa tuko na Serikali."

Chacha hakuwa mtu wa kupayuka. Alikuwa na sauti laini na meno mazuri. Watu waliogombana naye nyumba zao zilikuwa zinaungua, na yeye ndiye alikuwa anafika wa kwanza na ndoo ya maji.

Nikampeleka mama mkubwa kwa Mkalimani. Mimi ndiye niliyekuwa masikio yake.

Siku ya kwanza zizini alimsimamisha juani. Akamwuliza, "Mama, huyu Mwita ni mtoto wa nani?"

Mama mkubwa akatazama chini.

"Baba yake ni nani? Mahakama inataka kujua."

Kimya.

"Chacha amesema ni wake. Wewe umenyamaza. Basi hakimu anaandika ni wake. Nenda nyumbani ukafungashe."

"Mzee," nilisema, "huyo ni mama. Maneno gani hayo unamwuliza?"

"Mura, wewe kijana kazi yako kusikia." Akamgeukia tena. "Nani anaingia kwa Ghati? Hakimu atauliza. Watu watacheka. Shemeji yako atakuwa amesimama hapa, karibu hivi, anakutazama. Jibu!"

Machozi yakamtoka mama mkubwa. Mimi nikashika mpini wa jembe. Nilitaka kumpiga yule mtu, nasema kweli. Mama mkubwa akaninyooshea mkono nikae. Akasema kwa Kikurya, polepole, "Mtoto ni wa ng'ombe zangu. Nilimwoa mama yake kwa ng'ombe zangu. Alizaliwa ndani ya nyumba yangu."

"Sema tena. Fupi. Maneno marefu huyu mkalimani mpya atayaangusha njiani."

"Nilimwoa kwa ng'ombe zangu. Amezaliwa nyumbani kwangu."

"Tena."

Alimrudisha zizini siku nyingi. Kila aliporudi nyumbani alikuwa anapika bila kusema na mtu. Nikadhani tumemuua. Kumbe alikuwa anajibu kesi mdomoni, peke yake, akikoroga ugali.

Shahidi wetu alikuwa mzee aliyeswaga ng'ombe wa mahari kwenda kwa baba yake Ghati. Alikuwa tayari kabisa, tena alijigamba. Wiki ya kesi nikamfuata kumkumbusha. Nikamkuta amekaa nje. Chacha alikuwa amepita hapo asubuhi, nyayo zake bado ziko uani.

"Alikuja kunisalimia tu," yule mzee alisema. "Akaniuliza habari za wajukuu. Anawajua wote kwa majina. Anajua na kisima wanachoteka."

"Kwa hiyo utakuja?"

"Mwanangu, mimi nina wajukuu."

Nilipomwambia Mkalimani, hakushangaa. Alinusa ugoro, akapiga chafya, akasema, "Basi mama yako atakwenda na mdomo wake."

Siku yenyewe tuliondoka mapema kwa miguu, Mkalimani akitembea nyuma yetu kwa mbali kama mtu asiyetujua. Mahakamani hakuingia. Alisimama nje, karibu na dirisha. Chacha alikuwa amevaa koti. Alitusalimia wote, akamshika Mwita kichwani.

Alizungumza vizuri. Alisema yeye ni mjamaa, anataka familia ya kaka yake ikae pamoja, na mila za giza za mwanamke kumwoa mwanamke haziwezi kupita mbele ya Serikali. Hakimu alikuwa kijana wa kutoka upande wa magharibi, mtu mstaarabu. Aliposikia mwanamke amemwoa mwanamke alicheka kidogo, akajizuia. Watu nao wakacheka. Kisha akamgeukia mama mkubwa.

"Bibi, hawa watoto baba yao ni nani?"

Mama mkubwa akainamisha kichwa. Chacha alikuwa amesimama karibu naye, amemwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Mkalimani mpya akarudia swali kwa Kikurya. Kimya. Nikaona kalamu ya hakimu inashuka kwenye karatasi. Nikageuka kutazama dirishani. Mkalimani wetu alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatamka neno lile alilokuwa anafokea zizini, lakini bila sauti.

Mama mkubwa hakutazama dirishani, wala hakumwangalia Chacha. Aliiambia sakafu, kwa sauti kubwa kiasi cha kumwamsha mgambo mlangoni: "Nilimwoa mama yao kwa ng'ombe zangu! Wamezaliwa nyumbani kwangu! Huyu shemeji mahari ya Ghati hakutoa hata mbuzi. Aulizwe alitoa nini!"

Aulizwe alitoa nini. Hiyo hakufundishwa. Aliitoa mwenyewe.

Hakimu akamwuliza Chacha alitoa nini. Chacha akaanza kuzungumza habari za ujamaa. Akaulizwa tena. Sasa yeye ndiye aliyenyamaza. Hakimu akawageukia wale washauri wawili wa baraza, wazee wa kwetu, na wao wakamweleza nyumba ntobhu ni nini, wakisaidiana, mpaka akaacha kutabasamu. Hukumu ikasomwa: ng'ombe warudi, Ghati na watoto wabaki kwa Bhoke.

Mimi nilipiga kelele za furaha. Chacha alisubiri nimalize. Akamshukuru hakimu. Akaja kwa mama mkubwa, akamwinamia, akasema, "Shemeji, yamekwisha. Nitakuja kuwasalimia."

Nje, Mkalimani alinishika mkono kwa nguvu. "Usishangilie tena hivyo mbele yao. Watoto wasichunge peke yao. Ng'ombe walale karibu na mlango."

"Mzee, si tumeshinda?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nakwambia."

Mama mkubwa akasema, "Akija kunisalimia nitampa chakula. Ni shemeji yangu."

"Mpe, mama. Lakini anacholeta yeye, usile."

Ng'ombe walirudi. Mvua zikanyesha, tukalima, hakuna kilichotokea. Mimi nikaanza kumwona Mkalimani kama mzee mwoga tu. Nikapata kazi ya uashi Musoma, shule ilikuwa inajengwa. Nikamuaga mama mkubwa, sikumwambia mtu mwingine, nikachukua mwiko wangu na timazi, nikaenda Nyamwaga kusubiri basi.

Nikamkuta Mkalimani barabarani amekalia sanduku lake la bati. Amekonda. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alinitambua kwa sauti.

"Shikamoo mzee. Safari?"

"Marahaba. Ninakwenda kwa binti yangu. Macho yamekataa. Mtu asiyeona anayekuja hawezi kazi hii." Akageuza sikio. "Hiyo inayolia ndani ya mfuko ni nini?"

"Mwiko. Ninakwenda Musoma kujenga."

"Kwa mama yako amebaki nani?"

"Ghati na watoto."

"Na Chacha?"

"Wamepatana, mzee. Amekuwa mwema ajabu. Anawaletea kuni. Anawafundisha watoto kutega kwale. Jana ameleta nyama."

"Watoto wanamwitaje siku hizi?"

Ilibidi nifikiri. Nilikuwa nimelisikia bila kulisikia. "Baba," nikasema.

Basi likawa limetokea kule juu, vumbi limetangulia. Akasimama, akapapasa mpini wa sanduku lake. Mimi nikamnyanyulia. Hakunishukuru, haikuwa desturi yake.

"Hakimu hakai kijijini, mura," alisema. "Karatasi pia haikai mlangoni. Mtu ndiye anayekaa." Akapanda. Akaketi upande wa pili, sikumwona tena, wala sikupata habari zake za uhakika mpaka leo.

Kondakta akaniuliza kama ninapanda. Nikamwambia aende.

Nilitembea haraka mpaka mbavu zikaniuma. Nilipofika, jua lilikuwa bado liko juu. Chacha alikuwa uani kwa mama mkubwa, amevua shati, anachimba mashimo ya nguzo kuzunguka duara alilolichora ardhini. Mwita alikuwa amemshikia nguzo. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni na sahani ya chakula alichompikia mgeni wake, mikono imelegea magotini. Ghati hakutoka ndani. Nilielewa mara moja, na yeyote wa kwetu angeelewa. Mwanamume akisimamisha nyumba yake ndani ya mji wa mwanamke, akalala humo, na watu wakamwona asubuhi akitoka, hakuna hakimu atakayemtoa tena.

Aliinua kichwa, akatabasamu kwa yale meno yake. "Karibu, mwanangu. Umeghairi Musoma?"

Safari yangu alikuwa ameambiwa na nani, sikuuliza.

"Nimeghairi."

"Vizuri. Keti basi, upumzike. Hii kazi si yako."

Nikaenda mpaka kwenye shimo alilokuwa anachimba, nikatua mzigo wangu ndani yake. Nikamtoa Mwita nguzo mkononi, nikamwambia akachote maji ya udongo. Nikatoa mwiko.

"Hapa najenga mimi," nikasema.

Hakuonyesha hasira. Alivaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akamuaga mama mkubwa vizuri, akaniaga na mimi. "Jenga," alisema. "Matofali yanachukua muda. Sisi tupo."

Nyumba hiyo ndiyo ninayokaa mpaka sasa. Musoma sikwenda, wala kwingine kokote nilikokuwa nimepanga kwenda nikiwa kijana. Mama mkubwa amezikwa nyuma yake, alikufa kwa uzee, ndani ya mji wake. Mwita na mdogo wake wana watoto, na ng'ombe wapo. Chacha naye amekufa, lakini ameacha wana, watu wa sauti laini kama baba yao. Wanapita hapa karibu kila siku. Wananiamkia shikamoo kwa heshima zote, na wananiuliza kama miguu yangu ya uzee bado inanisumbua.